Mkono Unaovuma

Usiku, kabla sijazima taa,
naweka sikio kwenye mkono wa kushoto wa Msabila,
pale daktari alipounga mshipa na mshipa.
Unavuma.
"Nyuki wapo?"
"Wapo. Hawajahama."
Ndipo tunalala.

Alikuwa na mizinga arobaini na miwili
katika miombo ya Sikonge.
Aligonga gome kwa kidole tu, akajua
upi umejaa, upi nyuki wameuhama.
Siku hizi anagongwa yeye:
nesi hubonyeza kifundo cha mguu
na shimo la kidole hubaki,
kama kwenye ugali wa jana.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Tabora mjini.
Kwanza mizani.
"Kilo tatu zimezidi," anasema nesi Nyanzala, "maji matupu."
Kiangazi hiki tunapanga ndoo tangu alfajiri,
na mume wangu kajaa maji
asiyekuwa na pa kuyamwaga.

Sindano mbili, nene kama miiba ya mgunga.
Moja inatoa, moja inarudisha.
Damu inazunguka pampu, inaingia kwenye kichujio
chenye nyuzi elfu na elfu, nyembamba kuliko unywele,
inaacha sumu ng'ambo,
inarudi kwa mwenyewe.
"Kumbe ni kama asali," alisema siku ya kwanza.
"Nta huku, asali huku."
Nesi akacheka kidogo.
"Ila asali, mzee, huchujwa mara moja."

Saa nne nzima.
Mrija ukijikunja mashine inalia kama kifaranga.
Miguu inamkaza, namkanda.
Jumatano kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu,
shuka limekunjwa vizuri mno.
Hatukuuliza. Msabila aligeukia ukuta.

Babu yake alibeba pembe mabegani mpaka pwani.
Yeye, kwa mkono ule, kakatazwa hata ndoo.
Nyumbani nimechora mstari kwenye kikombe chake:
hapa asubuhi, hapa jioni, basi.
Husukutua, hutema,
hunitazama nikinywa. Nimejifunza kunywa jikoni.

Jana mvua ya kwanza ilianguka.
Alitoka na fulana, akasimama uani,
akatoa ulimi kama mtoto.
Tone moja.
Akarudi ndani, uso umelowa,
akanionyesha lile daftari la vipimo.
"Liandike," akasema.
Nikaliandika.