Mashahidi Sitini

Sarafu ilirushwa kabla panya hajawa panya,
alipokuwa bado seli chache zilizoshikana:
kila moja ikachagua X ya kunyamazisha,
ya mama au ya baba,
na vizazi vyake vyote vikarithi kimya kilekile.

Nilianza na imani. Nusu kwa nusu.
Nikaipa uzito wa seli arobaini, ishirini huku, ishirini huku,
kama mtu anayeweka mezani alichonacho
kabla mnada haujaanza.
Kisha tukahesabu, mimi na Shemweta, Raskazone, dirisha wazi,
harufu ya pumba na mikojo ya vizimba:
seli sitini za sikio la jike namba tisa.
Arobaini na mbili zinamsoma mama.
Kumi na nane, baba.

Imani yangu ikasogea. Haikuvunjika, ilisogea,
baba akashuka hadi thelathini na nane kwa mia,
na ile nusu yangu ya zamani ikabaki nje ya mlango,
nje kidogo tu, ndala zake naziona.

Shemweta akatua kikombe. "Sitini?"
"Sitini."
"Ukisikia habari moja kwa watu sitini pale soko la Mgandini,
na wote wameipata kwa Bi Mwanakombo muuza vitumbua,
una mashahidi wangapi?"

Sikujibu. Umeme ukakatika, ukarudi.
Seli za sikio ni wajukuu wa seli chache,
labda nane, labda kumi na mbili, hatujui;
basi hata ujinga huo nikaupa nafasi yake kwenye hesabu.
Kompyuta ikajikokota usiku kucha.
Asubuhi wigo ulikuwa umetanuka
na nusu imeshaingia ndani, imekaa, haisemi kitu.

Kimya kingi kina mshindo, tunaambiwa.

Baba yangu simjui. Alikuwa na X moja tu ya kunipa,
na hiyo alipewa na mama yake,
mwanamke wa Muheza niliyemwona mara moja
kwenye picha ya kadi ya kliniki, kona moja imeliwa na mende.
Kwa hiyo kuna mahali katika sikio langu, katika ini,
ambapo mama aliyenilea amenyamaza
na bibi yule anasoma kwa sauti.

Mahali pakubwa kiasi gani? Sina data.
Nimeandika nusu kwa nusu,
kwa penseli.