Kitanda cha Mteremko

Julai ya Njombe. Jalidi imelalia viazi
kama unga uliomwagika gizani,
na mimi, saa nane ya usiku,
nimeketi ukingoni mwa kitanda, naungua.

Kooni uchachu kama maji ya betri.
Moto umeanzia chembe ya moyo
ukapanda kwa kucha, taratibu,
kama paka anayeijua nyumba.

Baba alikufa ameshika hapahapa.
Nami nikajishika, kimya, nisimwamshe Yusta,
nikahesabu ninachodaiwa:
kabati mbili za Mgaya, dirisha la kanisa,
jeneza moja nililolipwa nusu.
Nikacheka kidogo, kwa woga:
langu atalichonga nani?

"Wanasema ni nywele za mtoto,"
Yusta akanena, kumbe yu macho.
"Mimba ya Otilia iliniunguza hivyohivyo,
akazaliwa na kipara."

Asubuhi akanikokota zahanati.
Tabibu Nyagawa hakuanza na dawa, alianza na maswali.
Maumivu yanakwenda mkononi? Tayani?
Ukipanda kilima cha karakana, kifua kinabana?
Chakula kinakwama? Umetapika damu? Choo ni cheusi?
Suruali imeanza kukupwaya?
Hapana, nikasema. Hapana.
Suruali ndiyo inanibana.
"Basi ilegeze," akasema, wala hakucheka.
Akaniandikia nikapimwe moyo hata hivyo,
kwa ajili ya baba.

Moyo ulipokutwa mzima, akanichorea kwenye bahasha:
"Fundi, mwisho wa umio pana mlango.
Tumbo ni jiko, na jiko kuwaka si kosa.
Bawaba ndizo zimelegea.
Ukilala umeshiba, moto unarudi sebuleni."

Bawaba!
Nusu ya milango ya mtaa huu nimetundika mimi,
kumbe kifuani nabeba mlango usiofunga.

Nikamwambia, nipe skrubu.
Akanipa vidonge, kimoja kila siku kabla ya chai,
na maneno machungu kuliko vidonge:
kula jua likiwa bado lipo,
shiba nusu, usilale kabla ya saa tatu kupita.
Pilipili, ulanzi, chai nzito kwenye tumbo tupu:
chunguza kipi kinakuunguza wewe, si jirani yako.
Magadi unayolamba yanapoza saa moja,
mlango hayafungi.
"Na kitanda kiinue kichwani, karibu shubiri.
Kitanda, si mito. Mito inakukunja tumbo tu."

Miaka thelathini naweka pimamaji juu ya mbao,
navuta pumzi, nasubiri kiputo kitulie katikati.
Kikikimbia, mwalimu wangu alinichapa vidole kwa rula.
Jioni ile nikakata vipande viwili vya msindano,
nikavitoboa vishimo ili miguu isiteleze,
nikainua.
Kiputo kikakimbia hadi ukutani, kikagoma huko.
Nikaona haya kama mtu aliyeiba.

Usiku wa kwanza Yusta aliteleza mpaka miguuni.
Akaniita kutoka huko chini
kama mtu aliyefika Makambako.

Sasa siungui kila siku.
Lakini mwezi wa kwanza, arusi ya binti wa Mgaya,
mbuzi aliletwa saa nne usiku, ulanzi ulikuwa mtamu,
nani angekataa? Wapo. Mimi sikukataa.
Saa nane paka akarudi, akakwangua.

Sikuhesabu madeni.
Nikasimama dirishani mpaka kukapoa,
kisha nikalalia ubavu wa kushoto
nikisikiliza mvua ikiteremka bati
kuingia kwenye mfereji.
Paa nalo halijawahi kufaulu pimamaji,
na hakuna aliyemchapa fundi wake.

Yusta anadai ubao wa kuzuia miguu.
Nimeahidi Jumatatu.
Sikusema Jumatatu ipi.