Zeze Ndize

Elinaja alininunulia laptopu Leipzig,
mkono wa pili, kwa babu aliyekuwa anahama.
"Vya huku havifi," alisema kwenye simu,
akampa Ndosi aliyekuwa anarudi likizo.
Ikashuka KIA imeviringishwa kwenye taulo, bila boksi,
ili mtu wa ushuru aone ni kitu cha mtu, si bidhaa.

Plagi yake ina miguu miwili ya mviringo.
Ukuta wangu hapa Kiusa una matundu matatu ya pembe.
Nilisukuma mfuniko wa kalamu tundu la juu
kama anavyofanya fundi Mremi;
cheche moja, kisha taa ya kijani.
Nikasema asante Mungu, nikakaa, nikanyoosha vidole.

Mimi, jueni, sitazami kibodi.
Ni mwaka wa ishirini na sita
tangu Bi. Tedi atufunike mikono kwa kanga
juu ya taipureta za chama cha kahawa:
"Macho kwenye karatasi! Kidole kina akili zake."

Mteja wa kwanza, Haikaeli wa Pasua.
Barua ya kwenda baraza la kata.
Alisema polepole, kila neno akilipima kama mchele wa kukopa:
yeye ndiye aliyenipiga.
Nikachapa, nikatoa, nikampa. Akasoma kwa sauti:
Zeze ndize alizenipiga.

Tukatazamana.
Jicho lake moja lilikuwa limevimba, kicheko kikamuuma,
akalishika, akacheka tena.
"Mama Anande, hilo zeze nalijua.
Nyuzi zake ni mbege."

Kumbe Wajerumani wameikalisha Z
kwenye kiti cha Y,
na Y wameisukuma chini, pembeni kushoto,
kama mgeni aliyechelewa harusini.
Kwao pengine si neno.
Lakini Kiswahili hakipigi hatua bila hizo mbili.
Mwenyekiti akawa mwenzekiti,
wazazi wakawa wayayi,
nyumba yangu ikawa nzumba zangu,
mimi mwenye chumba na sebule, tena vya kupanga.

Fundi Mremi akasema ni kuingia kwenye mipangilio tu,
dakika mbili, elfu tano.
Nilikuwa nimeshafungua pochi.

Ndipo nikakumbuka barua pepe za Elinaja.
Miaka tisa ananiandikia
dada zangu,
mama zangu hajambo?
nikiwaza nzumbani silali.
Mama nikimsomea, anasonya:
Kiswahili kimemtoka, ana mama wangapi huko?
Na mimi siku moja nikamjibu kwa ukali,
andika vizuri, wewe si mzungu.
Akanyamaza wiki tatu.

Hakikumtoka.
Ni mimi niliyemfundisha kuchapa,
likizo ya kidato cha pili, kwenye meza ya kulia,
mikono chini ya kitenge, asitazame.
Mchana kutwa huko anaandika Kijerumani,
nadhani kila herufi inatua mahali pake.
Usiku akituandikia sisi
vidole vinarudi Moshi,
vinapapasa Y pale tulipoiacha,
vinaikosa.

Mremi alikuwa anasubiri, mkono kwenye panya.
Kazi ni kazi; Haikaeli hawezi kusimama barazani na zeze.
Nikamhesabia elfu tano yake.
Lakini ngoja, nikamwambia, dakika moja.
Nikafunga macho, nikachapa:

Kaka zangu, mashine imefika salama.
Shida ni plagi tu.
Mama zetu anauliza utakuja lini.

Nikaituma hivyo hivyo.
Halafu nikampisha Mremi kiti.