Nusu Saa ya Kusimama

Kila Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi,
nameza kidonge kimoja kwa bilauri nzima ya maji
kisha nasimama.
Nusu saa. Nisilale, nisiiname, nisiguse kahawa,
kisije kikanichoma koo.
Hapa Kemijärvi dirishani bado ni usiku;
theluji ndiyo taa.

Kidonge chenyewe huenda si dawa.
Walinieleza, nikatia sahihi:
nusu yetu tunapewa kitu cha kukaza mifupa,
nusu tunapewa chaki,
na hakuna ajuaye nani ni nani,
hata daktari Lempiälä mwenye kalamu tatu mfukoni,
hata nesi anayenipa kopo na kuniuliza habari za paka.

Miaka thelathini na minne nimepima barabara.
Naijua ardhi ya kwetu isivyo na haya:
baridi ikizama ndani yake, huvimba,
hung'oa kigingi ulichokigongomea mwenyewe
na kukiacha vidole viwili juu ya jana,
kimya kimya, kimesimama wima usishtuke.
Kwa hiyo waliponionyesha mchoro,
sahani ya titani na kishina chake kifupi
kitakachozama ndani ya muundi wangu,
sikuuliza kama itauma.
Niliuliza: kitasogea kiasi gani?

Daktari akacheka. Hilo ndilo swali, akasema.
Mfupa ukichomekwa kitu kigeni
huanza kujila pale penye mguso,
na dawa hii, yamkini, huufunga mdomo.
Yamkini.
Neno hilo nililiandika nyuma ya bahasha.

Wamenitia shanga mfupani,
nane, ndogo kama mbegu za mchicha.
Nikamwambia Ensio: miaka arobaini hukuninunulia hata moja,
hospitali imenipa nane kwa siku moja.
Eksirei mbili kwa mpigo, huku na huku,
na kompyuta hupima titani imeziacha shanga kwa kiasi gani,
mpaka sehemu ya kumi ya milimita,
unene wa unywele.
Mimi niliyekuwa nikifokea vijana kwa kosa la sentimita!

Ensio husimama nami. Hakuna aliyemwomba.
Magoti yake mwenyewe yanalia kama bawaba.
Kahawa yake inapoa mkononi,
anaona haya kuinywa mbele yangu.
Nusu saa mia moja na nne; tumesemezana nini?
Mara moja alisema, "Siku ile ya kisu nilidhani utakufa."
Mara moja nilisema, "Mimi pia."
Mengine yalikuwa juu ya paka.

Mwezi Machi ikaja barua.
Chaki.
Miaka miwili, chaki.
Nilikasirika, sifichi; nilirusha kopo likaingia uvunguni mwa jiko,
na limo humo mpaka leo.
Na goti? Lilizama nusu milimita mwaka wa kwanza,
kisha likatulia.
Hilkka, wa kitanda cha pili, alipewa dawa yenyewe;
lake halikufika hata robo.
Sote wawili tunapanda ngazi.
Daktari anasema watu wawili si hesabu,
nami namkubalia:
sikuwahi kupima barabara kwa vigingi viwili.

Sasa kipimo cha nyonga kimeonyesha mifupa myepesi
na kidonge nimeandikiwa tena, safari hii cha kweli.
Ladha ni ileile.
Ensio amekuja na kikombe chake.

Theluji imeyeyuka. Nguzo ya tatu ya uzio
imepanda, kama kila mwaka.
Dakika ya ishirini na sita.
Nyundo iko ghalani, ngazi tano chini:
kushuka, mguu mbovu utangulie, walinifunza,
kupanda, utangulie mzima;
ila siku hizi nasimama pale juu
nikijaribu kukumbuka mbovu ni upi.