Somo

Beji yangu inasema DANI.
Aliyeichapa alikuwa na foleni ndefu;
alitazama pasipoti, akatazama mdomo wangu,
akakata jina kama akataye nguru,
kichwa kwenye ndoo, mkia juu ya meza.
Hakujua kwamba alichotupa ni kukana kwangu.
Aliyeingia ghalani ni Sikudhani.
Aliyetoka na skana mkononi
ni wa kudhani tu.
Na hiyo dh wanayo! Wanaitumia siku nzima,
sentensi haiwatoki bila hiyo,
ila kwenye beji imekosa nafasi.

Mama alikuwa na miaka arobaini na minne,
nguo za vichanga ameshazigawa mtaa mzima,
ndipo nikaja.
Bibi akasema neno moja mlangoni, likanigandama.
Na pale Wete tayari palikuwa na Sikudhani mwingine,
Sikudhani binti Pandu, muuza maandazi,
nikawa somo yake.
Huyo hakugombana na mtu kwa mdomo.
Siku mumewe alipoleta mke wa pili
alipita mbele ya turubai la harusi, polepole,
amejitanda doti mpya isiyofuliwa bado,
na watu wakaacha pilau, wakanyoosha shingo
kusoma jina:
ULIONALO SI LANGU, LANGU BADO HUJAONA.
Tangu siku ile wasichana wa mtaa wetu
walijifunza kutembea kwa kumtazama yeye.
Mimi nilikuwa na zaidi: nilikuwa na jina lake.
Nikikosea, nilipigwa mara mbili,
mara moja yangu, mara moja ya kumwaibisha.

Nilipojifungua hapa Milton Keynes
nilichagua jina fupi, lisilo na pa kupitisha kisu.
Ilham.
Mwezi wa kwanza wa shule akarudi anaitwa Ili.
Ili nini?
Nilimuuliza mwalimu wake kwa Kiswahili,
peke yangu, ndani ya gari, kwenye kipilefti cha nne.
Kipilefti: neno lao wenyewe.
Walituletea likiwa amri,
likanenepa kwetu, likapata wingi, likazoea pilipili,
na sasa likirudi kwao
wanauliza limetoka wapi.

Wiki iliyopita watoto waliambiwa wachore
kitu kinachosema wao ni akina nani.
Nikafungua sanduku, nikaipiga pasi
kanga niliyoachiwa na somo yangu,
herufi zimefifia, L moja imeliwa na nondo.
Ilham alikuwa ameshamaliza.
Kachora wale ng'ombe wa zege.
Ng'ombe! Wa saruji! Hata maziwa hawana!
"Wako hapa tangu sijazaliwa, mama,
na hakuna anayewauliza wametoka wapi."

Nilinuna mpaka Jumapili.
Jumapili tukaenda, manyunyu, nyasi zimelowa,
viatu vyangu vya kazini vikinywa maji.
Akanitambulisha mmoja mmoja, kama kwa wakwe:
huyu Brenda, huyu Bwana Okafor wa hesabu,
huyu Kipilefti, kwa sababu ameelekea kushoto,
na huyu, aliyewapa wote mgongo,
akanyamaza kidogo, akaweka ulimi kwenye meno,
dh ikakaa mahali pake,
"Sikudhani."
Mimi, au yule wa kanga?
Akainua mabega.
"Somo," akasema,
na sijui kama alimaanisha wajina
au alikumbuka kwamba kesho kuna shule.
Niligusa shingo ya yule ng'ombe. Ilikuwa baridi,
na mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu
jina lake na la mpenzi wake.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro,
nikabana beji kwenye jaketi la njano.
Chini ya jaketi, kiunoni, kanga, imekazwa fundo.
Maboksi yakaja, yakapita, kila moja na jina la mwenyewe.
Kona yake ilichungulia nilipoinama.
"Rangi nzuri," msimamizi akasema.
Nilingoja.
Hakuuliza inaitwaje.