Matone Arobaini kwa Dakika

Hatibu amefika saa kumi na moja alfajiri,
pikipiki kaizima kona ya Barabara ya Kumi na Tatu
asije akaamsha mtaa. Ndoo ya rangi, taulo bichi,
ndani mifuko miwili imevimba kama mashavu ya mpiga zumari.
"Kitatange na kangaja, Nesi. Wa jana jioni hawa.
Huyu mdogo kaninunia njia nzima."

Nimezima taa ya sebule. Nimezima na ya tangi.
Aliyetoka gizani hapokewi kwa kurunzi.

Mifuko naiweka juu ya maji, ielee,
joto lizoeane na joto, nailoni katikati kama pazia.
Dakika ishirini. Nassibu anatoka chumbani,
mkono umeshika msuli, mswaki mdomoni:
"Si uwatie tu! Bahari hiyo hiyo, ya hapo Raskazone."
Simjibu. Mwezi wa Rajabu alitia yeye,
wanne, chubwi, kama nyanya sufuriani,
na adhuhuri nikawaopoa kwa upawa.

Bahari moja, ndiyo. Maji si mamoja.
Haya yangu yamekaa, feni na kiangazi vimeyala,
chumvi imekolea, kipimo chasema thelathini na saba.
Yale ya mfukoni yamepumuliwa usiku kucha,
yamejaa hofu na choo cha safari.
Mtu hatoki humo akaingia humu
kama anayevuka uchochoro.

Nawahamishia beseni. Natoa mpira wa dripu.
Miaka thelathini na moja wodi ya watoto, Bombo,
nimetoka na kiinua mgongo, na miguu inayovimba,
na akili ya kidole gumba: kukizungusha kile kigurudumu
mpaka tone lipate adabu.
Tone.
Tone.
Arobaini kwa dakika, kwa saa ya ukutani.
Aliyekauka ukimnywesha kwa pupa, dawa ile ile humzika.
Hilo sikulisoma. Nililiona kitanda cha tisa,
mtoto wa Muheza. Jina ninalo, silitaji.

Saa moja. Jua limepenya dirishani, nimelitundikia kanga.
Kangaja anapumua upande upande, mapezi kayabana.
Kitatange kageuza jicho moja,
ananitazama kama mwali anavyomtazama wifi.

Nilipoletwa nyumba hii kutoka Pangani
nilikuwa na sanduku la bati na miaka kumi na tisa.
Mama yake Nassibu alifungua mlango, akasema:
"Jiko lile."
Hakuna aliyezima taa.

Tone. Tone. Beseni likijaa nachota nusu,
naimwaga uani, narudi kuhesabu.
Goti linalia. Muuza vitumbua kapita, kaita, kachoka.

Saa mbili u nusu, kipimo kimekubali:
beseni thelathini na saba, tangi thelathini na saba.
Wavu siutaki, huchana mapezi. Nawatoa kwa mkono,
maji ya safari yapite vidoleni, yabaki beseni.
Kangaja ana wembe mkiani; kanichanja.
Haki yake.

Kitatange moja kwa moja nyuma ya jiwe.
Kangaja chini ya pampu, kalala ubavu,
sijui kama anapumzika au anaaga.
Nassibu na kikombe chake cha chai:
"Mbona siwaoni? Pesa yote ile, tutazame mawe?"
Leo hawali. Leo hawatazamwi.

Nimekaa sakafuni, plasta kidoleni.
Bomba linanguruma taratibu. Mkia, nadhani, umetikisika,
au ni maji.
Anavuta kigoda, anakaa kando yangu,
kikombe kakishika kwa mikono miwili,
kimya kirefu ambacho si chake.
Kisha kwa sauti ndogo:
"Taa, niiwashe?"
"Iache."