Mizani ya Bucha

Kwa Njoki wa bucha, sokoni Jericho,
mchanga ulipimwa kwenye sahani ya matumbo:
kilo mbili za kifuani, kilo mbili za mgongoni,
na nusu ya nyongeza, "ya kukukaribisha," alisema,
akafuta mizani kwa kitambaa chekundu.

Fundi Wanzala alikishona kizibao
kwa turubai la duka lililofungwa.
Herufi mbili bado zasomeka ubavuni: NG.
Unga, au nguo, au ngumu. Sijui.

Mimi ni mwalimu. Miaka arobaini na sita.
Muhula wa kwanza nilianguka ngazini
na madaftari ya gredi ya sita mikononi.
Goti halikuvunjika, lilinicheka tu.
Misuli ya mapaja imelala, mwalimu, daktari akasema.
Nikamwambia: hata mimi.

Kocha Mutheu hana huruma ya bure.
Siku ya kwanza: mguu mmoja, fumba macho.
Sekunde nne.
Ruka, gusa ukuta kwa chaki.
Vidole vitatu chini ya ule ufa.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu,
saruji ya ukumbi ikinuka mvua ya jana.
Mutheu husikiliza kutua, si kuruka:
"Usishuke kama gunia la viazi!
Shuka kama paka aliyeiba."
Nane, pumua, nane tena,
hadi nikajikamata nikihesabu
kama ninavyowahesabia watoto, ukwapi na utao:

Kilo nne mabegani, goti linanung'unika,
jasho latona machoni, chaki nayo yakatika,
napasuka mapajani, moto ndani unawaka,
mizani kwenye mizani, mwili beti waandika.

Ubeti mmoja tu. Wa pili
niliketi sakafuni nikaomba maji.

Wiki ya tatu nilishuka ngazi za shule kiubavu.
Kerubo wa dawati la mbele akauliza
kama kaa wana walimu.

Wiki ya nane Mutheu akasema: vua.
Nikavua. Nikaruka,
nikapanda kama kifuniko cha sufuria inayochemka,
na chaki ikaupita ufa, ikaacha mkwaruzo mweupe
ambao hakuna aliyeufuta hadi leo.
Mguu mmoja, macho yamefumbwa: kumi na tisa,
kisha honi ya bodaboda ikaniangusha.

Usiku ule bomba zilikuwa kavu, stima imepotea,
nami napanda ghorofa ya nne, jerikeni kila mkono.
Ngazi ya tatu kutoka juu ina pengo, nalijua,
lakini giza halijui kwamba najua.
Unyayo ukateleza.
Kabla sijamwita mama,
mguu wa kushoto ulikuwa umeshafika,
umekunja goti, umepokea mzigo wote
kimya, kama paka aliyeiba.

Maji hayakumwagika.
Basi, nitasema kweli:
viatu vililowa.